Jiwe la Sekenke

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, kuna mahali abiria hunyamaza. Mkishaipita Singida na kuiacha Misigiri nyuma, barabara inafika ukingoni mwa nchi na kuanza kuteremka. Dereva anarudi gia nzito, konda anaacha utani, na mama wa siti ya mbele anaanza kusali kimoyomoyo. Hapo ni Mlima Sekenke. Madereva wa malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo wanaujua kwa kona zake na kwa wenzao waliobaki pale. Mkifika Shelui, chini kabisa, mazungumzo yanarudi, watu wananunua maji, na Sekenke inasahauliwa mpaka safari nyingine.

Kwetu sisi tuliozaliwa Iramba, jina hilo lina maana nyingine kabla ya kona na ajali. Chini ya ukingo ule, upande wa mbuga ya Wembere, ndipo ulipofunguliwa mgodi wa dhahabu mwaka 1909, wakati nchi bado ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ulikuwa mgodi mdogo. Ukiulinganisha na Geita au Bulyanhulu ya leo, ni kama kisima cha kijiji mbele ya ziwa. Lakini ndio mgodi wa kwanza wa dhahabu wa kikoloni katika nchi hii, na dhahabu yake ilitengenezewa sarafu ambayo leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huigombea kwa bei ambayo babu yangu asingeamini.

Namtaja babu kwa sababu habari hii ilinianzia kwake. Baba mzaa mama alifanya kazi Sekenke miaka ya 1930, akiwa kijana ambaye bado hajaoa. Alipofariki hakuacha ng'ombe wengi. Aliacha jiwe. Ukubwa wake ni wa ngumi ya mtoto, jeupe kama maziwa yaliyoganda, na katikati lina mstari wa chembechembe za njano zinazometameta. Mama alilirithi akalifunga kwenye kitambaa cha kanga, akaliweka chini ya sanduku la nguo. Nyumbani tulikua tukijua kwamba tuna dhahabu. Hatukuwa na bati zima la nyumba, ila dhahabu tulikuwa nayo.

Miaka michache iliyopita mama aliugua akahitaji upasuaji. Tulichangishana ndugu, ikapungua. Mjomba ndiye aliyesema kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa akikiwaza: "Na lile jiwe la mzee je?"

Basi nikalichukua, nikaenda nalo mjini Singida kwa sonara mmoja mzee.

Sonara hakuhitaji mashine yoyote. Alichukua kipande cha kigae cha choo, akakigeuza upande usiong'aa, akalikwaruza jiwe juu yake pale penye njano. Dhahabu ikikwaruzwa hivyo huacha mstari wa njano. Jiwe letu liliacha mstari mweusi wenye ukijani, kama wa mkaa. Kisha akabandua chembe moja kwa ncha ya kisu, akaiweka juu ya chuma, akaigonga kwa kinyundo. Dhahabu ukiigonga hulala, inakuwa bapa kama chapati. Chembe yetu ilisambaratika ikawa unga.

"Pirite hii, mwanangu," akasema. "Ni chuma na salfa. Imewalaza watu wengi njaa."

Nilitaka kulichukua jiwe niondoke. Yeye akalishika tena, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akauliza limetoka wapi. Nilipomwambia Sekenke, akatulia kidogo, halafu akasema jambo lililonifanya nirudi nyumbani nikaanze kusoma: "Kama ni la Sekenke, usiseme halina kitu. Hiyo unayoiona si dhahabu. Lakini isiyoonekana inaweza kuwemo. Huwezi kujua mpaka ulisage."

Sasa hebu tushuke chini kidogo, maana bila kuijua miamba ya pale maneno ya yule mzee hayaeleweki.

Sekenke ina vitu viwili vyenye umri tofauti kabisa, na msafiri wa basi hukiona kimoja tu. Mteremko wenyewe, ule unaowatia watu hofu, ni wa juzi kwa hesabu za ardhi. Ni ukingo wa tawi la Bonde la Ufa linalopita Wembere na Ziwa Eyasi, mahali ambapo nchi ilipasuka na upande mmoja ukazama katika miaka milioni chache iliyopita. Ndiyo maana ukisimama ukingoni unaiona Wembere chini yako, tambarare inayogeuka dimbwi wakati wa masika, na maji yake yakienda Ziwa Kitangiri na mwishowe Eyasi.

Miamba iliyopasuka, yenyewe, ni ya kale mno. Ina zaidi ya miaka milioni 2,500. Ni sehemu ya ile mikanda ya miamba ya kijani ambayo wanajiolojia huiita ya Kinyanza, kwa kuwa imelizunguka Ziwa Victoria: Geita imo humo, na ukivuka mpaka wa Kenya, Migori na Kakamega zimo pia. Ilianza kama lava na majivu ya volkeno, mengi yakimwagika chini ya bahari, wakati ambapo duniani hapakuwa na mnyama wala jani. Baadaye ikakandamizwa, ikapikwa, ikabadilika rangi, na kutoka chini ikapanda miamba mingine iliyoyeyuka ikapoa humo ndani. Mmojawapo ni dioraiti, jiwe la kijivu lenye madoa meusi, na ndani ya dioraiti hiyo ndimo wachimbaji wa Sekenke walimoikuta mikanda ya kwatzi, lile jiwe jeupe la babu.

Mkanda wa kwatzi hutokeaje? Nchi inapobanwa, mwamba hupata nyufa. Kutoka chini, kilometa kadhaa kwenda chini, hupanda maji ya moto yenye joto la nyuzi 300 hivi. Maji hayo yamebeba vitu vilivyoyeyuka: silika, salfa, na dhahabu kidogo sana. Dhahabu haipendi kuyeyuka kwenye maji. Husafiri kwa kushikana na salfa, kama mtoto aliyepanda mgongoni mwa mama. Maji yanapoingia kwenye ufa, mgandamizo hushuka na silika huganda ikawa kwatzi nyeupe. Na yanapokutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa huiacha dhahabu, hukimbilia chuma, na hao wawili wakiungana ndio pirite. Dhahabu, ikiwa imepoteza mbebaji wake, hubaki palepale, chembe ndogondogo katikati ya kwatzi au ndani ya pirite yenyewe, nyingine ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona.

Niliposoma hayo nilimkumbuka sonara. Kumbe ile pirite tuliyoidhania ni tapeli ni ndugu wa dhahabu, imezaliwa naye siku moja. Ukiiona haina maana umepata, ila ina maana uko kwenye nyumba yao. Wachimbaji wadogo wanaoendelea kuchimba Iramba hadi leo wanalijua hilo bila kusoma kitabu: wakiukuta mwamba mweupe wenye kutu na vimeta, hawashangilii na hawautupi. Wanabeba kilo chache, wanasaga, wanaosha kwenye karai, wanaangalia kilichobaki chini.

Na fedha je, namaanisha ile madini? Fedha ndiye abiria asiyetajwa. Dhahabu haitoki ardhini ikiwa peke yake. Karibu kila mara ina fedha ndani yake, kwa sababu chembe za madini haya mawili zinalingana ukubwa na huchanganyika bila ugomvi. Sonara huitambua kwa rangi: kadiri fedha inavyozidi, ndivyo njano inavyopauka. Fedha nyingine hujificha ndani ya galena, jiwe zito la risasi linalokaa pamoja na pirite kwenye mikanda kama hii. Kwa hiyo mgodi unaoitwa wa dhahabu mara nyingi ni wa fedha pia, ila jina limebebwa na mmoja. Katika nchi yetu jambo hili lina kichekesho chake, kwa sababu pesa ambayo watu wa zamani zile waliiamini haikuwa ya dhahabu hata kidogo. Ilikuwa rupia ya fedha.

Hapo ndipo tunaifikia ile sarafu.

Rupia ya Wajerumani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, karibu yote fedha, na ilitengenezwa Ujerumani ikaletwa kwa meli. Tangu 1904 iligawanywa katika heller 100, na kutoka heller hiyo tukapata neno "hela". Kila unapomwambia mtu "sina hela", unazitaja senti za Mjerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914 na Waingereza kuifunga bahari, meli za sarafu hazikuja tena. Serikali ikaanza kuchapa noti humuhumu nchini, zikazidi kuwa hafifu kadiri karatasi na wino vilivyokwisha, na nyingine zikawa ni vipande vilivyogongwa mihuri kama stakabadhi za sokoni. Watu walizikataa. Mpagazi aliyebeba mzigo siku 10 porini alitaka kitu kinacholia kikianguka kwenye jiwe.

Mwaka 1916 serikali ilikuwa imehamia Tabora, na Tabora ilikuwa na karakana ya reli, maana reli ya kati ilifika pale mwaka 1912. Mafundi wa karakana wakageuzwa wagonga sarafu. Kwa maganda ya shaba ya risasi na mizinga walitengeneza sarafu za heller 5 na heller 20. Na kwa dhahabu ya Sekenke walitengeneza sarafu ya rupia 15, thamani yake sawa na mark 20 za Ujerumani. Upande mmoja kuna tai wa dola. Upande mwingine kuna tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa Kilimanjaro, na chini herufi T, yaani Tabora. Mnamo Machi 1916 majeshi ya Uingereza yalikwisha kuiteka Moshi. Mlima waliouchora kwenye dhahabu yao walikuwa wameshaupoteza. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na karakana ikanyamaza.

Zilitengenezwa sarafu 16,198. Kila moja ina gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu halisi, yaani gramu 5.376. Mimi ni mwalimu, hesabu hainipiti hivihivi, kwa hiyo nilichukua kalamu. Zidisha, unapata kilo 87 za dhahabu kwa sarafu zote. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19 na zaidi, kwa hiyo kilo hizo 87 ukiziyeyusha ni lita nne na nusu. Zinaenea kwenye lile dumu dogo la mafuta ya kula, la lita 5, na nafasi inabaki.

Sasa tuseme mwamba ulikuwa mzuri, una gramu 10 za dhahabu katika kila tani. Sisemi ndivyo ulivyokuwa, natafuta kipimo tu. Kwa mwamba wa namna hiyo, sarafu moja inataka zaidi ya nusu tani ya mawe, na dumu letu linataka tani 8,700 hivi: zitobolewe, zilipuliwe, zibebwe, zipandishwe juu, zipondwe kwa nyundo za chuma mpaka ziwe unga, zipitishwe juu ya zebaki inayoikamata dhahabu, na zebaki ichomwe ipae. Hapo sijahesabu mawe matupu yanayoondolewa ili kuufikia mkanda. Kazi hiyo yote ilifanywa na watu, na sarafu haina jina la hata mmoja wao.

Wasomaji wa blogu hii wengi mmesoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020, na mnajua jinsi riwaya inavyoweza kumrudishia askari wa vita vile uso wake. Wapagazi, angalau, Dar es Salaam inawakumbuka bila kujua: Kariakoo ni Carrier Corps iliyolainishwa na ndimi zetu. Wachimba mwamba hawana riwaya wala mtaa. Nimetafuta kwenye fasihi yetu ya Kiswahili, nikakuta bahari, mashamba, ofisi, vita, mapenzi ya mjini. Shimoni tumeingia mara chache mno. Kwa hiyo niruhusu nimwingize mmoja, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe.

Babu alishuka Sekenke kwa sababu ya kodi. Wakati huo Waingereza ndio wenye nchi, na bei ya dhahabu ilikuwa imepanda. Mwaka 1934 Marekani iliipandisha kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Babu hakujua lolote kuhusu dola. Alijua kwamba migodi inaandika watu. Alitembea kwa miguu kutoka upande wa Kiomboi, akateremka ukingo uleule tunaoteremka sisi kwa basi, akapewa namba.

Alisema shimoni hakukuwa na mchana. Alisema kelele za kinu kilichoponda mawe zilizoeleka kiasi kwamba siku kilipoharibika usiku, watu waliamka wakidhani kuna jambo baya limetokea. Alisema vumbi jeupe liliwafanya vijana wafanane na wazee. Alikohoa hadi anazeeka, na sisi watoto tulidhani kukohoa ndiyo tabia ya mababu.

Siku yake ya mwisho kazini aliliweka jiwe kwenye mfuko wa ugali. Walikuwa wakipekuliwa wakitoka. Mnyapara akautia mkono mfukoni, akalitoa jiwe, akalitazama kwenye jua. Babu alisema moyo wake ulisimama, maana aliyekamatwa na mwamba alifungwa. Mnyapara akacheka. Akamrudishia jiwe mkononi, akamwambia, "Nenda nalo, ukaoe."

Kwa maisha yake yote babu aliihesabu siku ile kuwa siku ya bahati. Aliamini kwamba mnyapara alimhurumia, akamwachia dhahabu. Alipomposa bibi alikuwa na jiwe lile mfukoni, na bibi alipotusimulia hakusahau kulitaja.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za duka la sonara, jiwe mkononi, nilipokielewa kile kicheko. Mnyapara alijua kusoma mwamba. Aliona pirite, akaona kijana anatetemeka kwa ajili ya kitu kisicho na thamani, akapata kichekesho cha kuwasimulia wenzake jioni. Niliona aibu kwa niaba ya marehemu, halafu nikaona hasira. Kilo ngapi za dhahabu ya kweli zilipita kwenye mikono ya babu, na alichoruhusiwa kutoka nacho ni kile ambacho mgodi wenyewe haukukitaka.

Lakini je, mnyapara alikuwa sahihi? Hilo ndilo linalonisumbua. Kwa jicho, ndiyo. Kwa jiolojia, hakuna ajuaye. Jiwe limetoka kwenye mkanda wenye dhahabu, lina kwatzi, lina pirite. Linaweza kuwa tupu. Linaweza kuwa na chembe za kununulia panadoli. Hata likiwa tajiri kupita kawaida, jiwe la ukubwa ule haliwezi kulipia upasuaji. Nilimwuliza sonara ingekuwaje, akasema kuna vijana wenye krasha nje ya mji. Nusu saa tu, unga unaoshwa, jibu linapatikana. Na jiwe halitakuwepo tena.

Niliwapigia simu ndugu zangu. Mjomba alisema lisagwe, tujue moja. Dada alisema lirudishwe. Mdogo wetu alisema tusimwambie mama chochote, aendelee kuamini. Mwishowe nilifanya nilichoona ni haki: nilirudi hospitali, nikakaa pembeni mwa kitanda, nikamweleza mama yote, mstari mweusi kwenye kigae, chembe iliyosambaratika, maneno ya sonara, mpaka kicheko cha mnyapara.

Alisikiliza bila kunikatiza. Akaomba jiwe, akalishika kwa mikono miwili.

"Alijua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba alijua. Alilipeleka kwa Mhindi mmoja kabla mimi sijazaliwa, akaambiwa hivyohivyo. Mama yangu alinisimulia. Akamwomba asituambie watoto."

Nikamwuliza, kama alijua, mbona alilitunza? Mama alinitazama kama anavyonitazama ninapouliza swali la kitoto.

"Amepasua mawe mangapi kule? Hili ndilo pekee alilotoka nalo zima. Acheni kulisaga."

Fedha za upasuaji zilipatikana kwa njia ya kawaida ya kwetu: mbuzi wawili, mkopo wa kikundi, na shemeji mwenye moyo. Mama yupo, anapalilia mtama wake. Jiwe limerudi chini ya sanduku, kwenye kanga ileile.

Nilipita Sekenke tena mwezi uliopita, nikienda Mwanza. Abiria wakanyamaza kama kawaida. Pale kwenye kona ya mwisho, kabla Shelui haijaonekana, nilichungulia upande wa mbuga, kule maduara yaliko, nikahesabu kwa kidole mawe meupe kando ya barabara hadi basi lilipoongeza mwendo.